Unga Ulioumuka Chumba cha Nyuma

Mshonaji wa mapazia alikuwa amesimama mbele ya sinki la jikoni, mkono mmoja kiunoni, akinusa chupa. Ilikuwa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyowahi kuwa ya jamu, na ndani yake mlikuwa na rojo la unga wa ngano na maji ambalo, kwa maelezo ya mwalimu, lilipaswa kuwa hai. Lilinuka soksi. Juu yake palikuwa na maji ya kijivu, na chini unga ulikuwa umelala kama mtu aliyesusa.

Alikuwa akihudhuria mafunzo ya mkate wa chachu kwa wanaoanza, kila Jumamosi, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la dawa. Mafunzo yenyewe hayakuwa na makuu. Unachanganya unga na maji kwa uzani sawa, unafunika kwa kitambaa, unaweka mahali penye joto. Kesho yake unatupa nusu na kuilisha nusu iliyobaki kwa unga na maji mapya. Hamira ya dukani hairuhusiwi kukanyaga. Baada ya muda chachu itaanza kutoa mapovu na kupanda yenyewe, na hapo utaitumia kuumulia mkate wako. Mwalimu wa mkate, mwanamke mtaratibu mwenye viganja vipana, alisema mtu yeyote anaweza, ilimradi awe na subira. Ni maneno ambayo kwa kawaida huambiwa watu watakaoshindwa.

Kilichomuuma zaidi mshonaji ni ile nusu ya kutupa. Alilelewa katika nyumba ambayo unga ukimwagika hufagiliwa na kuchekechwa, na sasa kila asubuhi alikuwa akiumwaga kwenye sinki huku amefumba macho. Nusu iliyobaki aliitafutia mahali penye joto. Aliiweka juu ya friji. Aliiweka ndani ya oveni na kuwasha taa peke yake. Aliiweka karibu na pasi anapopiga mikunjo ya mapazia ya watu. Haikupanda hata upana wa kucha. Mkate wa kwanza aliouoka kwa chachu hiyo ulitoka kama tofali, na mumewe, ambaye alikuwa mpima ardhi na mtu mwenye adabu zake, aliutafuna taratibu akitazama ukuta, kama anayefikiria jambo la kazini.

Nyumba yao ilikuwa na sebule yenye meza ya kulia, jiko, chumba chao, chumba cha watoto waliokuwa shule ya bweni, na mwisho wa ukumbi mwembamba, chumba cha nyuma. Katika chumba cha nyuma aliishi mama wa mpimaji. Dirisha lake lilitazama tangi la maji la jirani. Alikuwa na kitanda, kiti, kigoda, na sauti ndogo ambayo mchana kutwa ilisikika ukutani, kwa sababu mama mtu alikuwa na tabia ya kuongea peke yake.

Zamani alikuwa akila mezani na wenzake. Kisha siku moja mkuu wa ofisi ya mpimaji alialikwa chakula, akala mchuzi kwa furaha, na mchuzi ukambakia pembeni mwa mdomo. Mama mtu, aliyekuwa ameketi jirani naye, alitoa kitambaa chake, akakilowesha kwa ncha ya ulimi, akamshika mkuu kidevu na kumpangusa vizuri, upande huu na upande ule, kama anavyopanguswa mtoto anayekwenda shule. Mkuu alicheka. Alisema hata mama yake alikuwa hivyohivyo. Lakini mpimaji alitamani ardhi, aliyoipima maisha yake yote, ipasuke immeze. Tangu siku hiyo chakula cha mama kikawa kinapelekwa chumbani kwa sinia. Hakuna aliyesema amekatazwa meza. Kiti chake kilihamishwa kikawekewa marobota ya vitambaa, basi.

Mama mtu aliuliza mara moja tu. Alisema, "Leo tena nakula huku?" Mshonaji akamjibu kwamba sebuleni kuna upepo, asije akapata baridi ya kifua. Hapakuwa na upepo wowote. Ulikuwa uongo ambao watu watatu waliujua vizuri, na kwa kuwa ulifanya kazi, waliendelea kuutumia.

Jioni ya ile siku aliyokuwa akinusa chupa, mshonaji alibeba sinia la chakula mkono mmoja na chupa mkono wa pili, kwa nia ya kwenda kuimwaga chachu yote nje na kuachana na mambo ya kujitakia. Alipofika chumba cha nyuma aliiweka chupa juu ya kigoda ili apate kumsogezea mama mkwe sinia. Wakaamkiana. Mteja akapiga simu kuhusu pazia lililopungua urefu, mshonaji akatoka akijitetea, na chupa akaisahau.

Asubuhi aliikuta imefurika. Chachu ilikuwa imekisukuma kitambaa, imetoka, imeshuka kwa miguu ya kigoda, imevuka sakafu, na imesimama mbele ya ndara za mama mtu. Hapo ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu, imejaa mapovu, inanukia matunda yaliyoiva. Mama mtu alikuwa ameketi kitandani, amekunja miguu ili asiikanyage.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Imekesha inanisikiliza."

Mshonaji alimpa pole kwa uchafu, akaenda kuchukua mwiko, akaizoa na kuirudisha chupani. Alidhani ni joto la chumba. Alileta kipimajoto cha watoto, akakiweka juu ya kigoda, na kikaonyesha kwamba chumba kilikuwa na baridi kuliko jiko. Akakitikisa, akakirudisha kwenye mfuko wake. Chachu akaiacha palepale.

Siku chache baadaye alioka mkate wa pili. Alichanganya chachu, unga, maji na chumvi, akalikunjakunja donge kama alivyofundishwa, akaliweka kwenye bakuli na kulipeleka chumba cha nyuma liumuke. Alipolirudisha jikoni lilikuwa limezidi bakuli. Alilichanja juu kwa wembe, akalitia kwenye sufuria nzito yenye mfuniko iliyokwisha kupashwa moto ndani ya oveni, na likatoka refu, limebabuka vizuri, ganda likilialia lilipokuwa likipoa. Ndani palikuwa na matundu makubwa na madogo. Mpimaji alikula kipande, akaomba cha pili, akakifunga cha tatu kwenye karatasi na kwenda nacho ofisini.

Kuanzia hapo mshonaji alianza kuona namna mambo yalivyokwenda. Donge halikupanda katikati. Liliegemea upande wa kitanda. Mama mtu akihamia kwenye kiti cha dirishani, donge nalo liligeuka upande wa dirisha. Akisimulia jambo refu, liliumuka sana. Akisinzia, nalo lilipumzika. Mlango ukifunguliwa ghafla katikati ya maneno, mama mtu alinyamaza kwa heshima ya aliyeingia, na donge likanywea palepale. Kwa hiyo mshonaji alijifunza kutofungua mlango. Aliweka bakuli asubuhi, akalitoa jioni, na sinia la mchana akaanza kuliacha chini, nje, kimya.

Siku ya mafunzo alimweleza mwalimu. Mwalimu wa mkate aliendelea kupangusa meza.

"Kumbe una mtu nyumbani," alisema. "Ungeniambia mapema. Unga na maji ni chakula tu. Chachu inataka na kusemeshwa. Ni nani?"

Mshonaji alijibu kwamba ni mama mkwe, anapumzika chumba cha nyuma. Mwalimu alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaendelea na somo la chumvi. Mshonaji alihisi uso umemwaka. Aliinamia kucha zake na kuanza kuyabandua makombo ya unga mkavu, moja moja, mpaka somo likaisha, na kuhusu chumvi hakusikia kitu.

Wanafunzi wenzake walilipokea jambo lile kama watu wanaopokea maelekezo ya njia. Dereva wa gari la wagonjwa alisema kwake naye yupo baba mdogo, wamempa chumba kilichokuwa stoo, na sasa anaelewa kwa nini vitumbua vilivyosahauliwa humo viligeuka maandazi. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiishi peke yake alilalamika kwamba yeye hana mtu, akauliza kama anaweza kuleta bakuli lake kwa mshonaji. Mwingine naye akaomba. Mshonaji hakuwa na ujasiri wa kumkatalia mtu kitu ambacho kwake hakikumgharimu chochote.

Chumba cha nyuma kikajaa mabakuli. Mpimaji alileta utepe wake wa kazini, akapima ukuta na kufunga rafu, iliyonyooka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Kigoda na kiti vikatolewa ili kupata nafasi. Mshonaji alishona pazia zito ili jua lisikaushe madonge, kwa hiyo tangi la jirani nalo halikuonekana tena. Blanketi jipya la sufu lililetwa kwa ajili ya kufunika mabakuli. Mama mtu alilipapasa, akalisifu, akasema lake lilikuwa limebaki nyuzi. Wakakubaliana kwamba siku zisizo na donge anaweza kujifunika hilo. Siku zisizo na donge zilikuwa chache.

Mkate wenyewe hakupewa, kwa sababu ganda lilikuwa gumu na meno yake yalikuwa ya kuhesabika. Aliendelea na uji wake. Lakini siku moja, mshonaji alipoingia kuchukua bakuli, mama mtu aliomba aonje hata sehemu laini ya ndani, na mshonaji akamletea kipande alichokimegua kwenye mkate wa siku iliyopita. Mama mtu alikitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Huu ni ule niliousimulia baba yenu alivyovuka mto na kitanda kichwani," alisema. "Naona umeiva vizuri. Ule wa msiba wa dada yangu ulitoka mchungu, sivyo?"

Mshonaji alikumbuka kwamba kweli kulikuwa na mkate uliotoka mchungu, na kwamba walimlaumu muuza unga. Alisema, ndiyo Mama, ulikuwa na uchungu kidogo. Alitoka na bakuli lake, akasimama jikoni bila kufanya kitu.

Wakati wa chakula alimuuliza mumewe kama alijua kwamba baba yake aliwahi kuvuka mto na kitanda kichwani. Mpimaji hakujua. Alikuwa amekwisha kukata kipande cha mkate. Alikitazama kile kipande, matundu yake, ganda lake, akakirudisha kwenye sahani. Ofisini walikuwa wameumaliza mkate uliobeba safari ile. Mkuu alikuwa amelamba vidole. Msichana wa mapokezi alikuwa amekula kipande kikubwa kuliko wote. Yeye mwana wa mtu hakuambiwa, kwa kuwa hakuwapo, na hakuwapo ingawa alikuwa umbali wa ukuta mmoja. Nafsi ilimsuta.

"Mama arudi mezani," alisema.

Mshonaji aliitikia upesi, kama mtu aliyekuwa ameshika mzigo na kusubiri mwenzake aseme tutue. Aliondoa marobota ya vitambaa kwenye kiti, akakipangusa mara mbili.

Mama mtu alikuja sebuleni amevaa gauni la kutokea. Alikula, akasifu, akauliza swali moja mara tatu na kujibiwa mara tatu. Alisimulia habari ya mto na kitanda kutoka mwanzo: maji yalikuwa yamejaa, yeye alikuwa mjamzito, na baba wa watu alikataa kuuacha ule mti wa kitanda kwa sababu alisema mtoto wake hatazaliwa chini. Mtoto huyo ndiye mpimaji. Mpimaji alicheka mpaka machozi, na akaomba mama arudie pale baba alipoteleza. Siku zilizofuata mama alishinda sebuleni kando ya cherehani, akimwokotea mkwewe pini zilizoanguka na kumpangusa unga kidevuni. Mshonaji alijikuta akishona mapazia yaliyonyooka huku akicheka. Nyumba ilikuwa na kelele nzuri. Kama ungepita nje ungedhani wana wageni.

Mkate ukakataa.

Kule chumba cha nyuma madonge yalilala ndani ya mabakuli, yametulia tuli. Mshonaji aliona kule hakuna tena wa kuyasemesha, akayaleta mezani, mbele ya mama mtu mwenyewe. Hayakuumuka. Aliliweka donge moja mapajani pa mama wakati anazungumza. Lilipoa likawa kama kitambaa cha kupigia deki. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua bakuli lake, akalitazama, akasema ahsante kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Mambo hayo yangeweza kuachwa hivyo, na mkate ukanunuliwa dukani kama zamani. Lakini mkuu wa ofisi alikuwa ametuma salamu. Jumapili angekuja chakula cha mchana pamoja na wakubwa wawili kutoka makao makuu, watu ambao amewasimulia mkate huo hadi wamechoka kusimuliwa. Nafasi ya kusimamia wapimaji wote ilikuwa wazi, na kila mmoja ofisini alijua kwamba wakubwa wale hawakuwa wanakuja kwa ajili ya njaa. Mpimaji alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

Mshonaji alimwita mwalimu wa mkate aje kuangalia. Alikuja, akafunua kitambaa, akaligusa donge kwa kidole. Alama ya kidole ikabaki. Akauliza mama yuko wapi siku hizi. Mshonaji alimwonyesha: yuko pale, mezani, anamweleza mpimaji namna ya kumjua mbuzi mwenye homa.

"Basi ndiyo hiyo," mwalimu alisema. "Hana la kuuambia unga. Ameshawaambia ninyi."

Mshonaji aliuliza kwa sauti ya chini kama hakuna njia nyingine. Mwalimu alisema yeye hufundisha mkate tu, hilo ni la kwao. Akaagana na mama mtu kwa mikono miwili, akaenda zake.

Wakajaribu. Mpimaji alijifungia chumba cha nyuma na bakuli, akaueleza unga habari za mipaka, mawe ya kona, na kesi ya majirani waliogombea ukuta. Donge likazama zaidi. Mshonaji akaingia baada yake, akalisimulia habari za mama yake mzazi, mambo ya kweli na ya kuumiza, na likaanza kupanda kidogo. Lakini alikuwa akilitazama kwa jicho moja kuona limefika wapi, na likashuka. Lilijua analitaka.

Ijumaa mchana walikutana jikoni. Mama alikuwa sebuleni akiimba wimbo usio na mwisho. Mshonaji alisugua sufuria iliyokuwa safi. Mpimaji alisoma maandishi kwenye mfuko wa unga.

"Ni siku mbili tatu tu," mmoja wao alisema.

"Wakishaondoka wageni, anarudi," alisema mwingine.

Hawakutazamana. Kila mmoja alisubiri mwenzake aseme hapana, na kila mmoja angeitikia kwa moyo mkunjufu kama mwenzake angesema. Hakuna aliyesema. Mpimaji alikunja mdomo wa mfuko wa unga, akajikaza, akaenda sebuleni na kusimama nyuma ya kiti cha mama yake, mahali ambapo asingelazimika kuuona uso wake.

"Mama," alisema, "huku mbele kuna upepo."

Mama mtu alinyamaza katikati ya wimbo. Alitazama mapazia ya mkwewe. Yalikuwa yamening'inia wima, yametulia, kazi safi.

"Kweli, baba," alisema. "Nauona."

Akainuka mwenyewe. Alichukua kitambaa chake mezani, akaziweka pini alizookota ndani ya kibati cha pini, akakifunika. Alipofika mlango wa jiko alinyoosha mkono.

"Lete hilo bakuli niende nalo," alimwambia mshonaji. "Muda si mrefu mna wageni."

Mshonaji alimpa. Alimwona akitembea ukumbini, bakuli limekumbatiwa ubavuni, mkono mmoja ukipapasa ukuta, na kabla hajafika chumbani donge lilikuwa limeanza kuinua kitambaa. Mshonaji alienda kuoga, ingawa alikuwa amekwisha kuoga asubuhi. Alikaa humo mpaka maji ya moto yakaisha.

Jumapili mkate ulitoka mrefu kuliko yote waliyowahi kuoka. Wakubwa kutoka makao makuu walikuwa mwanamume mnene aliyekuwa akila kwa macho kwanza, na mwanamke aliyeuliza maswali mafupi. Walipewa mkate ukiwa bado na joto. Mwanamume alikula vipande vitatu bila kuzungumza. Mwanamke alitafuna, akasita, akasema una ladha ya kitu ambacho amekisahau, na akaomba aongezewe ili akikumbuke. Mkuu wa ofisi aliwatazama wote kama mtu aliyeuoka mwenyewe. Alimgeukia mpimaji na kumuuliza hali ya mama, yule mama yake mcheshi. Mpimaji alisema hajambo, anapumzika. Mshonaji alikuwa akimimina maji wakati huo, na aliendelea kumimina mpaka glasi ikafurika juu ya kitambaa cha meza.

Mkate ulipokwisha, wageni waliuliza kama kuna mwingine. Kulikuwa na donge la pili, lililowekwa chumba cha nyuma tangu asubuhi. Oveni ilikuwa moto, wageni hawakuwa na haraka. Mpimaji alisema ataangalia limefikia wapi, akasimama upesi, kwa kuwa alifurahi kupata sababu ya kuondoka mezani.

Alitembea ukumbini kwa uangalifu. Sinia la mchana lilikuwa chini, kando ya mlango, halijaguswa, uji umefanya utando. Alikusudia kugonga. Mkono wake ulikuwa umeshainuka aliposikia sauti ya mama yake, ndogo, tulivu, isiyo na haraka, sauti ya mtu anayezungumza na msikilizaji mzuri.

Alikuwa akisimulia habari za mtoto mmoja. Mtoto huyo aliogopa radi. Mvua ikianza alikuja na mto wake mkononi, akasimama mlangoni bila kusema kitu, kwa sababu alikuwa na aibu ya kusema anaogopa. Mama yake naye alijifanya amelala, ili mtoto asione haya, ila alisogea ukutani na kuacha nafasi. Basi mtoto alipanda kitandani polepole, akidhani hakuna anayejua. Ilikuwa hivyo miaka mingi, na hawakuwahi kulizungumza.

Mpimaji aliushusha mkono. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba mama yake alikuwa mtu wa usingizi mzito. Alitaka kusikia kilichofuata, na zaidi ya hapo alitaka kufungua mlango. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kwa namna ile. Lakini alisikia vilevile kitambaa cha bakuli kikisogea, na mapovu yakipasuka moja moja ndani ya donge, na alijua, kama walivyojua wote nyumbani, kwamba mlango ukifunguliwa sasa litanywea na halitainuka tena leo. Kutoka sebuleni mkuu wa ofisi alicheka jambo. Ubao wa sakafu ulilia chini ya kiatu cha mpimaji.

Sauti ya ndani ikanyamaza.

"Nani hapo?"

Mpimaji alizuia pumzi. Alisimama vile, mkono ukiwa karibu na kitasa, masikio yanamwaka kwa haya, mtu mzima mwenye mvi.

Mama mtu alingoja. Alingoja muda wa kutosha kwa mtu yeyote kujibu.

"Hakuna mtu," aliuambia unga, na akaendelea pale alipoachia.

Mpimaji alirudi sebuleni kwa ncha za vidole. Mkewe aliinua macho kumuuliza, na wageni nao wakageuka, sahani zao tupu mbele yao. Alivuta kiti akaketi, akatazama makombo mezani.

"Unaumuka vizuri," alisema.